Unyoya wa Tai

Kila Jumamosi asubuhi Kiberiti aliandamana na shangazi yake kwenda makumbusho. Shangazi alikuwa mtunzaji wa ukumbi wa wanyama, na msichana huyo, aliyepewa jina hilo na wenzake shuleni kwa sababu hakawii kuwaka, alipenda kumsaidia kufuta vioo.

Siku hiyo hawakuwahi hata kulowesha vitambaa. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya tai aliyekaushwa, macho yamemtoka kwa hasira.

"Unyoya mzima wa mkia haupo!" alifoka. "Jana wanafunzi walipokuja wewe ulikuwa wapi? Unapiga soga? Jumatatu nisikuone hapa!"

"Mzee, nilikuwa nao mwanzo mpaka mwisho," shangazi alijitetea.

"Basi tai kajinyonyoa mwenyewe!"

Damu ilimchemka Kiberiti. Shangazi, aliyemlea tangu hajaota meno, anafokewa hivyo! Kilichomchoma zaidi ni kwamba alimjua mwizi. Jana, darasa lao lilipotembelea ukumbi, alimwona Mapengo, anayeketi naye dawati moja, akivuka kamba iliyomzunguka tai na kuchomoa unyoya. "Ukisema, urafiki basi," Mapengo alimnong'oneza, naye akanyamaza.

Alitoka mbio bila kuaga. Alimkuta Mapengo barazani kwao, kalaza shingo, anajichokonoa sikio kwa unyoya uleule, jicho moja kalifumba kwa raha.

"Mwizi we!" Kiberiti alipiga kelele. "Shangazi anafukuzwa kazi, wewe unajikuna masikio!"

"Punguza sauti, mama atasikia. Unyoya tu huo, na tai mwenyewe kafa zamani."

"Inuka twende, la sivyo namwita mama yako sasa hivi!"

Alimburura mkono mpaka makumbusho. Njiani alijiona shujaa, akingoja kukumbatiwa. Lakini shangazi alipouona unyoya, kisha lile sikio lililovimba na kujaa vipele, alipiga ukelele.

"Umeutia sikioni? Wanyama hawa hupakwa sumu wasiliwe na wadudu! Unadhani kamba ile ni pambo?"

Alimwosha Mapengo kwa sabuni huku akimgombeza, naye Mapengo akilia kwa sauti. Mkurugenzi mwenyewe alikimbilia funguo za gari ili ampeleke zahanati.

"Kazi yako ipo," alimwambia shangazi. "Nilikufokea kabla ya kuuliza. Nisamehe."

Kiberiti akatabasamu. Shangazi alimgeukia, uso bado umekunjamana.

"Unachekelea nini? Ulimwona jana?"

"Ndiyo, shangazi. Lakini ni rafiki yangu."

"Rafiki! Usiku kucha anajichoma sumu sikioni, rafiki yake kafunga mdomo. Umeufungua leo kwa kuwa nimeguswa mimi."

"Sikujua kama ni sumu," Kiberiti alisema, machozi yakimlengalenga. Hasira aliyokuja nayo sasa ilimgeukia mwenyewe.

"Hukujua ni sumu," shangazi alisema, "lakini ulijua ni kosa. Hilo pekee lilitosha useme."