Samahani Iliyowafikia Wanawake Elfu Moja

"Jamani! Jamani, ameniomba msamaha!"

Keshia wa duka la miwani alikuwa karibu kupanda juu ya kaunta, simu kaikumbatia kifuani.

"Nani tena?" Mama Mapacha, anayekata vioo chumba cha nyuma, alitoka akijifuta vumbi.

"Nani mwingine? Yule mshenzi aliyeniacha kwenye mataa! Sikiliza: 'Najua nimekukosea. Ulinipa siri yako nikaifanyia biashara. Silali. Nipe dakika tano, nikuombe radhi uso kwa uso.'"

"Hebu ngoja." Mama Mapacha alichomoa simu yake. "Mbona hata mimi ninayo? Neno kwa neno! Kumbe baba watoto ana moyo! Alimwambia dada yake mambo yangu, eti leo anajuta!"

"Mumeo na mshenzi wangu wameandika pamoja?"

"Utajua wewe. Mimi leo namsamehe."

Mpima macho wa duka lile, ambaye mtaa mzima ulimwita Miwani, naye alichomoa simu yake. Kwenye simu yake ujumbe ulikuwa ule ule, ila yeye aliitazama picha iliyokuwa chini yake: miwani iliyovunjika mkono, ikafungwa kwa uzi wa bluu. Uzi ule aliufunga yeye mwenyewe, siku mchumba wake alipoingia dukani humo mara ya kwanza.

Aliingia chumba cha kupimia, akafunga mlango, akapiga namba aliyokuwa ameifungia kwa wiki nzima.

"Umefanya nini wewe?"

"Imekufikia?" Sauti ya Mpole, mchumba wake, ilitoka kwa shida.

"Imenifikia mimi, imemfikia keshia, imemfikia Mama Mapacha! Kuna mwanamume huko anasamehewa kosa ambalo hata hajalikiri!"

"Ulinifungia simu. Nikaona nipitie njia ninayoijua. Nikaweka umri wako, mtaa wako, kazi yako, nilipie tangazo likufikie wewe tu. Mtambo wa matangazo ukakataa. Ukasema kundi ni dogo mno, nipanue."

"Ukapanua?"

"Kidogo."

"Wangapi?"

"Wanawake elfu moja na ushee."

Miwani alishikwa na kicheko, akakimeza, akajikasirikia kwa kutaka kucheka. Huyu mtu alikuwa amemwumiza, na vibaya. Kazi ya Mpole ilikuwa kuandika matangazo ya simu, na mwezi ule alikuwa anamwandikia mgombea umeya. Wiki iliyopita mama yake Miwani alipata ujumbe wa mgombea huyo: "Usiku ule uliita gari la wagonjwa, halikuja. Mimi nakumbuka." Mama wa watu alilia hadi macho yakavimba, maana mumewe alifia mlangoni, yeye kasimama barabarani na tochi akingoja gari. Tangu hapo alivaa kofia ya mgombea na kupita nyumba kwa nyumba kumwombea kura.

Siku ile ile mjomba, asiyetaka kusikia habari za kodi, alipata ujumbe wa mgombea yule yule: "Magari ya jiji yanatafuna kodi yako. Nitayapiga mnada yote." Na gari la wagonjwa lilikuwa mojawapo!

Jumbe zote mbili aliziandika Mpole. Habari ya tochi aliipata kwa Miwani, siku alipomlilia begani.

"Sikutaja jina la mama," Mpole alijitetea. "Ujumbe uliwaendea wajane wote waliowahi kutafuta habari za..."

"Nyamaza! Nijibu kitu kimoja. Mimi ulinipataje?"

Mpole alikohoa.

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa natengeneza matangazo ya duka lenu. Nikaona maoni yako mtandaoni. Uliandika kwamba huwapendi wanaume wanaopayuka."

Miwani alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Kwa hiyo huu upole ni wako, au uliuvaa?"

"Mwanzo niliuvaa. Sasa sijui. Haki ya Mungu, Miwani, sijui."

"Na ile miwani iliyovunjika?"

"Niliikalia."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Mbele yake kulikuwa na ubao wa herufi anaowasomesha watu kila siku, na siku ile hata ile herufi kubwa ya juu hakuiona. Miaka miwili alijua amependa. Sasa hajui kama alipenda au aliwindwa. Na kinachokera, moyo wenyewe ulikuwa unadunda vile vile, kama haukusikia chochote.

"Jioni uje kwa mama," alisema. "Umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

* * *

Mama alikuwa sebuleni na kofia yake ya mgombea kichwani. Mjomba alikuwa pembeni akikoroga chai.

"Karibu, mwanangu. Mbona unatoka jasho?"

Mpole hakukaa. Aliyekuwa anaandikia maelfu ya watu alisimama pale anatafuta pa kuanzia.

"Mama, ule ujumbe wa gari la wagonjwa... niliuandika mimi. Mgombea hajui lolote. Na wa mjomba pia ni wangu."

Mjomba aliacha kukoroga. "Wa mnada? Kwa hiyo atayauza magari, au atayaleta?"

"Sijui, mjomba. Hata yeye nadhani hajui. Nimeshaacha ile kazi."

Mama aliivua kofia polepole, akaiweka magotini.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyekumbuka," alisema.

Miwani alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kumzaba mtu kofi, ila hakujua amzabe Mpole au ajizabe yeye aliyetoa siri.

"Mimi nilikumbuka, mama," Mpole alisema. "Mwanao aliponisimulia, nililia."

"Ulilia?"

"Nililia. Halafu nikaandika."

"Ukanipigisha miguu mitaa yote hii na kofia ya mtu." Mama alimnyooshea ile kofia. "Aliyekufa alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Unajua alivyokufa, jina hujui. Kaa chini. Niulize."

Akakaa. Akauliza kwa kigugumizi, vibaya, akarudia. Mama akasimulia: jina, utani wake, alivyokuwa akiimba bafuni akikosea maneno. Mpole hakuandika popote. Aliuliza swali la kipuuzi kuhusu bafu, mjomba akaguna, mama akacheka huku anafuta machozi.

Miwani alimsindikiza hadi getini. Mkononi alikuwa na kikasha cha miwani, na ndani yake pete ya uchumba.

"Chukua," alisema.

"Basi ndiyo mwisho?"

"Siku ile ulinivisha hii hata bila kuniuliza. Unajua kwa nini?"

Mpole aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nalijua jibu. Ulikuwa unatazama magauni ya harusi mtandaoni kila siku."

"Basi mimi sijawahi kuulizwa." Alimtia kikasha mkononi. "Na leo jibu silijui hata mimi."

* * *

Kesho yake mlango wa duka ulifunguliwa. Mpole, shati limemganda mgongoni, kikasha mkononi. Wateja watatu, Mama Mapacha na keshia wote waligeuka.

"Miwani!" alipayuka. Kwa sauti kubwa kabisa, hata mwenyewe akashtuka. "Nimekuja kukuuliza. Utakubali nikuoe? Sijui utasema nini. Sijalala kwa kutojua."

"Ngoja kwanza," keshia aliingilia, mkono kiunoni. "Safari hii ni kwa nani? Maana mimi nimeshamrudia mshenzi wangu, na anaapa hajaandika kitu!"

"Ni kwa mmoja tu."

Miwani alimtazama mwanamume huyu anayepayuka mbele za watu, kitu alichoandika kwamba hakipendi. Moyo ukamwenda mbio. Alingoja ujisemee kwa nini, haukusema.

"Sijakuelewa bado," alimwambia. "Na hasira sijamaliza."

"Najua. Yaani, sijui."

"Lakini ndiyo." Alinyoosha kidole. "Ndiyo. Nivishe kabla sijabadilisha mawazo."