Mikono Kwenye Ukingo wa Boti

Asubuhi hiyo Pastory alifungua kibanda chake cha kupaka rangi maboti, pale Bangwe kando ya ziwa, akakuta picha ya boti aliyoimaliza jana ubaoni ina mkono ambao hakuuchora. Mkono mmoja tu, umeshika ukingo wa boti. Akasema ni macho ya uzee, akaufunika kwa rangi ya bluu. Binadamu tukiogopa, macho ndiyo ya kwanza kusingiziwa.

Picha iliagizwa na Candide, mama wa Kirundi aliyevuka ziwa akikimbia vita, miaka kumi iliyopita. Boti lao lilizama. Pastory, aliyekuwa akipita na boti lake, akamvuta kutoka majini. Binti wa Candide, Lyse, na wengine sita hawakuonekana tena. Kwa kuwa hawakuwa na makaburi, Candide alitaka picha ya kuwakumbuka, aiweke mbele ya watu Jumamosi, siku ya kuganduka, ndiyo kumaliza msiba kwa desturi ya kwao.

"Wewe ndiye uliyeniokoa, kaka," alimwambia. "Nani mwingine atawachora?"

Siku ya pili mikono ikawa mitatu. Ya tatu, saba. Aliifunika, ikarudi, akaikwangua kwa kisu, ikarudi, na mchana kweupe, wanawake wakianika dagaa nje na kutaniana, yeye ndani alisikia kucha zikikwaruza ubao kutoka upande wa pili, polepole, kisha zote kwa pamoja, na harufu ya nguo zilizolala majini ikamjaa puani.

"Agnesi," alimnong'oneza mkewe, "kuna mtu mle kibandani."

"Nimechungulia. Hakuna mtu. Ndiyo maana naogopa."

Agnesi akampeleka kwa shehe mmoja wa Ujiji, japo wao ni Wakatoliki. Jini akishaingia nyumbani, nani anauliza ubatizo? Shehe akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akampa kombe anywe. Pastory akatapika maji yenye mchanga wa ziwa, mengi kuliko aliyokunywa. Shehe akasogea nyuma.

"Jini ningemtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa ni watu, na wana haki yao kwako. Uliwafanya nini?"

Pastory akainuka, akatoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alilijua hilo vizuri.

Jumamosi Candide akaja kuchukua picha. Aliitazama kwa muda mrefu. "Hii mikono umeichora vizuri, kaka."

Hapo Pastory akashindwa. "Sikuichora, dada. Niliipiga. Nilipokuvuta wewe, umezimia, wote wakashika ukingo, boti likaanza kulala upande. Nikachukua kasia, nikawapiga vidole mpaka wakaachia. Miaka kumi unanishukuru, nami naitikia."

Candide hakulia. Aliuliza tu, "Wa Lyse ni upi?"

Pastory hakujua. Siku ile alitazama vidole, hakutazama nyuso.

Candide akaupitisha mkono wake juu ya ubao, mkono kwa mkono, hadi ule mdogo kuliko yote, akaweka kidole chake hapo. Vile vidole vya rangi vikafumba, vikamshika. Pastory akaruka, tayari ameinua fimbo ya kukorogea rangi.

"Mwache," Candide alisema bila kugeuka. "Safari hii usimpige."