Ngoja Kidogo, Kidoto

Kila asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, mvuke wa pasi ulipanda kutoka dukani na kupenya katika nyufa za sakafu ya mbao. Chini, mama yake Chiriku alikuwa ameshaanza kazi yake ya udobi. Juu, Chiriku alilala chali akiutazama mvuke ule ukijikunja na kupotea darini, asijue kama ameamka au bado anaota. Harufu ya shuka safi ilimbembeleza arudi usingizini. Kiungo kilichokuwa macho kilikuwa mkono wake mmoja tu. Huo ulipapasa chini ya mto, ukakishika kishikwambi, ukakiwasha.

"Amka, Kidoto," alinong'ona.

Kidoto akaamka papo hapo, akajinyoosha, akatabasamu.

Kidoto alikuwa msichana wa kwenye mchezo. Alikaa peke yake katika nyumba ya matofali ya njano yenye bustani ya maua, na kazi ya Chiriku ilikuwa kumtunza. Juu ya kichwa chake ilielea mistari minne: mmoja wa shibe, mmoja wa usafi, mmoja wa usingizi na mmoja wa nguvu. Mstari ukijaa, uliwaka kijani. Ukipungua uligeuka njano, na ukikaribia kwisha ulikuwa mwekundu, naye Kidoto aliketi sakafuni akashika tama. Lakini mistari ya Kidoto haikuwahi kuwa myekundu. Chiriku alimwogesha, akamlisha, akamtandikia kitanda, kisha akamkimbiza kuizunguka bustani mpaka mstari wa nguvu ukajaa. Katika mchezo ule jua lilichomoza na kuzama upesi, na vipepeo walimfuata Kidoto kila alikokwenda.

Huku nje ya mchezo, nywele za Chiriku zilikuwa na siku nyingi hazijaona kitana. Kitanda hakikutandikwa. Chai yake ilipoa juu ya kiti.

"Chiriku!" mama aliita kutoka chini, pasi ikiwa mkononi. "Umeshafanya mazoezi?"

"Tayari, mama!"

Akajiambia kwamba hakusema uongo sana. Mazoezi yalikuwa yamefanywa, ila aliyeyafanya alikuwa Kidoto.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa sababu aliongea kutwa kama ndege huyo. Miezi michache kabla, alikuwa akifukuzana na rafiki zake kati ya shuka zilizoanikwa uani. Saruji ilikuwa imelowa, akateleza, akavunjika mguu karibu na goti. Ukafungwa plasta ngumu kwa muda mrefu. Ilipofunguliwa, Chiriku aliutazama mguu wake asiutambue. Ulikuwa mwembamba na mkavu kama ufito.

Hospitalini walimwambia mfupa umeunga vizuri. Kilichobaki ni mazoezi: alikunje goti taratibu, alinyooshe, aunyanyue mguu na kuushusha, kisha azoee kupanda na kushuka ngazi huku ameshika ukuta. Siku ya kwanza alijaribu. Maumivu yakampanda kutoka gotini hadi utosini. Siku ya pili alijaribu nusu. Siku ya tatu mjomba wake, fundi wa simu, alimletea kishikwambi alichokitengeneza, ili mgonjwa apate cha kumliwaza. Tangu hapo Chiriku hakushuka hata ngazi moja.

Siku ya kwenda kliniki ilipofika, mjomba alimbeba mgongoni mpaka kwenye teksi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa yenye joto. Alilishika goti la Chiriku, akalikunja polepole. Goti lilikwenda kidogo tu, likagoma kama mlango uliovimba kwa mvua. Chiriku aliuma meno.

"Unafanya mazoezi kila siku, mwanangu?"

"Ndiyo," alijibu Chiriku akitazama dirishani.

"Hakosi, Daktari," mama alidakia kwa fahari. "Kila asubuhi nikimuuliza ananijibu ameshamaliza. Hata wateja wangu nawasimulia."

Yule mtaalamu hakumtazama mama. Alimtazama Chiriku, akasema kwa upole, "Goti halina mdomo, lakini nikilishika linaniambia mambo. Hili linaniambia limelala. Likiendelea kulala litaganda. Likishaganda, utachechemea mpaka utu uzima. Sikutishi. Nakueleza kwa sababu bado kuna muda, lakini si mwingi. Nataka kukuona tena mwisho wa mwezi."

Walipofika nyumbani, mjomba alimlaza Chiriku kitandani, na mama akaketi ukingoni mwa kitanda. Mama, ambaye hakuketi ovyo mchana, alikaa akiisugua mikono yake iliyokauka kwa sabuni.

"Pengine kosa ni langu," alisema. "Pengine sikulishi vizuri. Au nilikuacha uende uani wakati nilijua saruji imelowa. Mtoto anajitahidi kila siku na goti halisogei! Nitatafuta daktari mwingine, hata kama ni mbali."

Chiriku aliitazama mikono ile ya mama. Afadhali angegombezwa.

"Mama," alisema. "Mimi sikufanya mazoezi. Kidoto ndiye aliyefanya."

Mama aligeuka. "Kidoto? Mtoto wa nani huyo? Anaingia humu ndani saa ngapi bila mimi kumwona?"

Mjomba alikohoa ili kuficha kicheko, kikamshinda. Chiriku akavuta kishikwambi kutoka chini ya mto, akamwonyesha mama Kidoto aliyekuwa akimwagilia maua. Kisha akaeleza yote, tangu siku ya kwanza, bila kuficha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, ukawa mzito. "Njia ya mwongo ni fupi, Chiriku. Umeniacha niringe mbele za watu kwa kitu ambacho hakipo. Kilete hicho, nitakifungia kabatini."

Chiriku alikitoa bila ubishi. Mama alikipokea, lakini hakusimama. Alikuwa akimtazama Kidoto.

"Mbona huyu anang'aa hivi? Kitanda kimetandikwa. Maua yamestawi." Akayapeleka macho kwenye nywele za binti yake. "Na wewe uko hivyo. Kwa nini yeye unamtunza?"

"Kwa sababu yeye haumii," Chiriku alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Anakimbia tu na mstari unajaa. Mimi nikikunja goti naumia, mama. Naogopa litavunjika tena."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na kazi."

Mama akakiweka kishikwambi kando. Akauchukua mguu ule mwembamba, akauweka mapajani mwake na kuushika kwa mikono miwili. Nje, shuka zilipepea uani.

"Kazi haitanizuia kukusikiliza," alisema. "Ukiumia, sema. Ukiogopa, sema. Ila usinidanganye tena."

"Sitakudanganya." Chiriku alijifuta machozi. Kuna jambo lilikuwa limemjia, na lilimjia lote kwa pamoja, kama ndoto inavyokumbukwa ghafla. "Mama, je, kama Kidoto hatafanya kitu mpaka mimi nifanye kwanza? Asioge mpaka nioge. Asile mpaka nile. Asikimbie mpaka nikunje goti. Mimi siwezi kuvumilia kumwona ameshika tama."

"Na msimamizi atakuwa nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe uliyenidanganya asubuhi?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Mjomba, aliyekuwa ameegemea mlango, akaingilia. "Dada, mjaribu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu hata kuinama hawezi. Mpe nafasi ajifunze kuinama kwanza, mvunguni atafika."

Mama alicheka kidogo, akarudisha kishikwambi. "Haya. Lakini sitauliza tena nikiwa chini. Nitakuwa napanda kuona kwa macho yangu."

Kesho yake mvuke ulipanda kama kawaida, na Chiriku aliwasha kishikwambi. Kidoto alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, mistari yote ya njano, akipunga mkono.

"Ngoja kidogo, Kidoto," alisema Chiriku.

Akakunja goti. Maumivu yakaja. Akasimama pale yalipoanza, akapumua kama alivyofundishwa, akaongeza kidogo, kidogo tena. Machozi yalimtoka lakini hakuacha. Kidoto akamsubiri. Mstari wake wa nguvu ulizidi kupungua, ukawa karibu kuwa mwekundu, na Chiriku akajikuta anamwambia, "Usikae chini, namaliza sasa hivi." Alipomaliza, akamwachia Kidoto akimbie. Mara hii ilikuwa kama wanakimbia wote wawili, na hata vipepeo aliwaona kwa macho mengine.

Kisha akanawa uso, na Kidoto akaoga. Akachana nywele, zikamliza kwa mafundo, na Kidoto akabadilisha gauni. Akala mkate wake na chai ingali moto.

Hazikuwa siku zote njema. Kuna asubuhi moja mvua ilinyesha, goti likawa zito kama jiwe la kusagia, na blanketi likawa tamu. Chiriku akamwachia Kidoto akimbie peke yake. Mtu gani angejua? Kidoto akaizunguka bustani akirukaruka kwa furaha, lakini Chiriku hakuweza kumtazama. Alizima kishikwambi, akatupa blanketi, akaanza kukunja goti huku anakunja na uso. Mama alipopanda, alimwambia kabla hajaulizwa: "Leo nilianza kwa kudanganya, halafu nikarudi nyuma."

Mama aliliokota blanketi. "Kurudi nyuma nako ni mazoezi," alisema.

Kadiri siku zilivyopita, jambo la ajabu likaanza. Chiriku aliona mistari hata pale isipokuwapo. Mjomba aliingia akiimba kwa sauti yake mbovu, na Chiriku akauona mstari wa kijani ukielea juu ya kofia yake. Paka wa jirani alipita ukutani, mstari wake wa shibe umejaa mpaka unamwagika. Alijua ni mawazo yake tu. Hata hivyo aliyapenda, akayaacha yaelee pamoja na mvuke.

Mchana mmoja, hoteli iliyokuwa jirani ilileta shuka nyingi kwa pamoja. Kutwa nzima Chiriku alisikia pasi ikienda na kurudi, kwenda na kurudi, sauti iliyokuwa karibu kumlaza. Ghafla ikanyamaza. Akasubiri ianze tena. Haikuanza. Alijikokota mpaka juu ya ngazi, akachungulia.

Mama alikuwa ameegemeza viganja vyake juu ya meza, kichwa kimeinama, macho amefumba. Pembeni yake kilikuwako kikombe cha chai ya asubuhi, kimejaa vilevile, juu yake kumetanda ngozi ya maziwa. Mkate haukuguswa. Na juu ya kichwa cha mama, Chiriku aliiona mistari yote, na yote ilikuwa myekundu.

Hakufikiri. Aliweka kiganja ukutani, akashusha mguu mzima, kisha ule mwingine. Goti likakunjika. Ngazi moja. Nyingine. Alipofika chini alipita nyuma ya marundo ya shuka mpaka jikoni, akapasha chai moto, akarudi akichechemea na kikombe mkononi bila kumwaga hata tone.

"Mama, kaa."

"Kazi haijaisha, mwanangu, hawa watu wanataka—"

"Kaa, mama. Mistari yako imekuwa myekundu."

Mama alimkodolea macho. Halafu alicheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa, na alipokaa, akagundua jinsi alivyokuwa amechoka. Alikunywa chai yote. Alikula mkate wote. Chiriku alikuwa ameanza kukunja foronya moja moja pale mama alipoweka kikombe chini ghafla.

"Wewe! Nani amekushusha?"

Chiriku aliangalia ngazi, kisha mguu wake, kana kwamba naye ndiyo kwanza anagundua.

"Nimeshuka mwenyewe."

Mama akamvuta kifuani, na foronya iliyokwisha kunjwa ikakunjamana kati yao.

Mwisho wa mwezi walirudi kliniki. Mtaalamu wa viungo alilishika goti kwa mikono yake yenye joto, akalikunja. Likaenda, likaenda tena. Akainua nyusi.

"Leo linaniambia habari nyingine kabisa. Haya, na mdomo nao useme. Umefanyaje?"

Chiriku akamsimulia habari za Kidoto, akaanzia kwenye uongo wake. Alidhani mtaalamu atacheka, lakini hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mchezo wako ni kama mkongojo. Mtu akiumia, mkongojo humsaidia kusimama, na hakuna aibu kuushika. Lakini mkongojo hautembei. Anayetembea ni mtu. Mwanzo ulitaka mkongojo utembee kwa niaba yako, ukadanganya, na goti likalala. Ulipoamua kutembea mwenyewe, nao ukakufaa. Chochote kinachokusaidia kuamka, kuoga, kula na kufanya kazi yako, kitumie, mradi kazi iwe umeifanya kweli. Afya haina wakili. Hakuna anayeweza kukuogea wala kukukunjia goti."

"Wala kukulia chakula," aliongeza Chiriku akimtupia mama jicho la pembe.

"Nimesikia," mama alisema. "Nimesikia, mama mkubwa."

Walitoka nje wakashika njia ya nyumbani kwa miguu, upande wa barabara wenye kivuli. Walikwenda polepole kama watu wasiodaiwa chochote na saa. Kila walipofika mahali pa kukaa, mama aliuliza kama wapumzike, na Chiriku alijibu kwa ukweli: hapa hapana, pale ndiyo.