Bi Harusi Asiyeshika Moshi

Moshi ulikataa kumshika Ihsan. Ndivyo balaa lilivyoanza, mchana kweupe, katika ua wa Batul mtengeneza manukato, pale Omdurman. Binti alikuwa amekaa juu ya shimo la kuni za mgunga, amefunikwa blanketi la sufu hadi shingoni, kama wafukizwavyo mabibi harusi wote wa mji ule mpaka ngozi zao zing'ae kama asali na zinukie hata baada ya kuoga. Alipoinuka, jasho likimtiririka, Batul, mama yake, alimvuta amnuse.

Hakunusa kitu. Si moshi, si jasho, si mafuta ya nywele. Ilikuwa kama kunusa maji ndani ya gilasi.

Batul alijishuku mwenyewe kwanza. Tangu afiwe na mumewe, pua yake ndiyo iliyowalisha wawili hao. Aliingia chumbani akafungua chupa zake, msandali, karafuu, miski, na zote zikamjia sawasawa. Akanusa nguo za Ihsan zilizotundikwa ukutani, nazo zikanukia Ihsan. Akarudi uani, akamnusa binti mwenyewe. Patupu.

Alimwita mdogo wake, Suad. Suad alimnusa bi harusi shingoni, akasema ananukia mpaka anatia wivu, na kwamba maandalizi ya harusi yamemchosha dada yake, bora apumzike.

Basi Batul akabaki peke yake na jambo hilo. Macho yalimwambia ni Ihsan, mpaka lile kovu la kidevuni. Masikio yalimwambia ni Ihsan, mpaka kile kicheko chake cha kukwama kooni. Akimshika mkono, una joto. Pua pekee ndiyo iliyokana, na nani angeisikiliza pua? Akawa hali, halali, anamfuata binti yake chumba hadi chumba akivuta pumzi nyuma ya kisogo chake.

Adhuhuri moja, Ihsan akiwa amelala ndani, Batul aliinama kuzoa majivu ya shimo lililokwisha kupoa. Harufu ikampanda usoni. Ilikuwa ya Ihsan, ile ya utosini aliyoijua tangu siku alipomzaa, nayo ilitoka chini. Kisha ikaja sauti, ndogo, kama ya mtu aliyefunikwa kwa nguo nzito.

"Mama. Nani huyo amekaa mahali pangu?"

Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, asikute ila udongo. Alipoinua kichwa, Ihsan alikuwa amesimama mlangoni.

"Unatafuta nini, Mama?" aliuliza kwa upole.

Batul alitoka vile vile na majivu mikononi, akaenda kwa Shekha Rabaa, mtoa pepo wa mtaa ule. Bibi huyo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Jini limechukua sura, na sauti, na joto la mwili. Harufu limeshindwa kuichukua, na hiyo ndiyo inayomshikilia mwanao asipotee. Nitapiga ngoma, lakini wewe ndiye utakayelikalisha motoni, pale pale shimoni, mpaka litoke na mwanao arudi. Na pua yako ikiwa inakudanganya, Batul, utakuwa umemchoma mwanao kwa mikono yako."

"Siwezi, Shekha."

"Basi kaa naye hivyo hivyo."

Kesho yake jua likiwa utosini ngoma zikaanza, na Batul, aliyejifunga macho kwa kitambaa asiione sura ile, alimkumbatia binti kwa nguvu akamburuta kuelekea shimoni, na binti akalia kwa sauti ya Ihsan, akamwita kwa jina la utani ambalo Ihsan alimwita alipokuwa hajui kusema vizuri, akamwomba kwa haki ya marehemu baba yake amwachie, na Suad akilia naye, akimvuta dada yake nguo, na Batul hakuwa na chochote cha kushika ila ile harufu iliyopanda toka makaani, akaifuata hatua kwa hatua, akamkalisha juu ya moto mtupu, akamkandamiza mabega, mpaka kilio kikageuka mngurumo wa kitu kisichokuwa mtu, kikakatika.

Kisha mtu akaanza kulia polepole mikononi mwake.

Batul alivua kitambaa. Binti alikuwa na malengelenge mapajani, anatetemeka. Akamkumbatia, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote.

Hakunusa kitu. Alikimbilia chumbani, akafungua msandali, karafuu, miski. Hakunusa kitu. Akajimwagia chupa nzima usoni. Hakunusa kitu.

"Limetoka na pua yako," Shekha Rabaa alinong'ona mlangoni. Kisha akamtazama binti kwa muda mrefu. "Au halijatoka, limekuziba tu. Hilo mimi siwezi kulijua. Wewe ndiye uliyekuwa unajua."

Binti alijikongoja hadi kwa mama yake, akaegemeza kichwa shingoni mwake.

"Ni mimi, Mama. Si unaninusa?"

Batul alimpapasa nywele.

"Nakunusa, mwanangu," alisema.