Mgongo wa Bujiku

Siku ya treni, stesheni ya Shinyanga huwa haina adabu. Kuku wanalia ndani ya matenga, wauza karanga wanapigiana kelele madirishani, na kila mtu ana haraka ya kumkanyaga mwenzake. Mwaka huo wa sabini na saba Apolonia alikuwa amekuja kumpokea mama yake kutoka Tabora. Alivaa gauni la maua ya njano, viatu vyeusi vya raizoni, vya soli nene, vilivyomwongezea urefu ambao wala hakuuhitaji, na kitambaa chekundu kichwani. Mara kitambaa kikaondoka.

Kikaondoka kweli! Kijana mmoja alibeba begani fimbo ndefu za wapima ardhi, zilizopakwa nyekundu na nyeupe, na ncha ya mojawapo ilikinyakua kile kitambaa ikaenda nacho juu ya vichwa vya watu. Mwenyewe hana habari. Anakwenda tu mbele, hageuki.

"Wewe! Wewe mwenye mafimbo! Nirudishie kitambaa changu!"

Watu wakacheka. Apolonia alimkimbilia na raizoni zake mpaka getini, ndipo yule kijana aliposimama. Alikuwa na uso mpole na jasho jingi.

"Samahani sana, dada. Sikujua kama nina mtu nyuma."

"Ungejua kama ungegeuka."

"Basi leo nimegeuka," alisema, na akamtazama mpaka Apolonia akajishughulisha na kufunga kitambaa. "Mimi Bujiku. Nipo kambi ya watafiti wa dhahabu, Segese."

"Apolonia, wa swichibodi ya Posta. Siku nyingine unitafute kwa simu, siyo kwa fimbo."

Kwake Apolonia ulikuwa utani tu. Jumamosi iliyofuata taa ya laini ya Kahama ikawaka.

"Shinyanga hapa. Unataka namba gani?"

"Mwangaluka, mayu," sauti ya Bujiku ilimwamkia Kisukuma. "Nipe namba ya yule dada mwenye kitambaa chekundu."

Apolonia aliziba kipaza sauti kwa kiganja ili Paskalia, aliyekaa naye kwenye swichibodi, asimsikie akicheka. "Kaka, hapa ni kazini. Watu wanasubiri laini."

"Nikikata utanikumbuka?"

"Nikukumbuke kwa lipi? Nimekuona mgongo tu."

Basi ikawa kila Jumamosi. Bujiku alidandia lori kutoka Segese hadi Kahama kwa ajili ya dakika chache za simu, na mwisho wa mwezi alifika mwenyewe, suruali yake ya bugaluu imepigwa pasi, nywele zimechanwa zikasimama. Walikunywa soda, wakacheza dansi, wakaitana mpenzi mbele ya watu. Paskalia alishaanza kuuliza sare ya harusi itakuwa ya rangi gani.

Kilichowaharibia ni njia ya miguu.

Rafiki yake Bujiku alikuwa anaoa kule Shinyanga ya zamani, na kutoka barabarani ilibidi kukata mashamba ya mtama. Walipoingia tu kwenye njia nyembamba, Bujiku aliuachia mkono wa Apolonia akashika mbele. Akaenda. Apolonia alizaliwa kota za reli. Njia alizozijua yeye ni zile ambazo wawili wanatembea bega kwa bega. Aliita, "Bujiku, nisubiri!" Akajibiwa na mgongo, "Njoo tu, nipo." Raizoni ikazama kwenye tope. Alipofika kwenye sherehe, peke yake, jasho linamtiririka, Bujiku alikwishazungukwa na jamaa zake. Mama mmoja akamkaribisha kwa wema, akamuuliza, "Na wewe binti, umekuja na nani?"

Swali hilo lilimchoma. Alikuwa amekuja na nani? Na mwanamume anayeona aibu kuonekana naye, ndivyo alivyojijibu. Labda kwa ajili ya urefu wake. Labda yupo mwingine.

Hakumuuliza. Jumamosi taa ya Kahama ilipowaka alisema kwa sauti ya kazi, "Laini ina shughuli," akaichomoa waya. Hivyo hivyo iliyofuata. Na ofisini walipomwambia kuna nafasi ya uhamisho kwenda Tabora, kwa wazazi wake, hakukataa. Aliomba afikiri kwanza. Jibu lilitakiwa Jumatatu atakayorudi kutoka likizo. Moyoni alikwishafunga mizigo.

Likizo yenyewe ilikuwa ile ya Februari, chama cha wafanyakazi wa mkoa kilipowapeleka watu wake Kilimanjaro. Apolonia alipomwona Bujiku anapanda treni ile ile na mfuko wake begani, alitaka kushuka.

"Ushuke?" Paskalia alimshika gauni. "Yaani uuache mlima mzima kwa ajili ya mwanamume mmoja? Kaa chini!"

Marangu, chini ya mlima, walivikwa makoti ya kukodi. La Bujiku liliishia kwenye viwiko. Kiongozi wao, mzee Ndesario, aliwapanga kwenye mstari.

"Hatuendi kileleni," alisema. "Tunakwenda kibanda hadi kibanda, polepole, muone Mungu alichoweka huku. Na mbele atakaa mwenye hatua fupi kuliko wote. Nani anachoka upesi?"

Paskalia, msaliti yule, alimsukuma Apolonia mbele. Bujiku kwa mazoea alikwishajitanguliza, mzee akamrudisha kwa mkono. "Wewe una miguu ya kuswaga ng'ombe. Kaa nyuma yake."

Wakapanda msituni, kwenye miti iliyovaa kuvu ya kijani mpaka kwenye matawi. Pembeni mwa njia kulikuwa na vijiua vyekundu na vya njano, vyenye mkia uliojikunja, na Apolonia akawa anasimama kila hatua kuviangalia. Nyuma yake mtu hakutulia.

"Apo, tazama chini."

Apolonia aliongeza hatua.

"Usiweke mguu kwenye majani, Apo. Apo, ngoja nipite mbele."

"Kuna nini huko mbele unachokikimbilia kila siku?" alifoka bila kugeuka. Hata yeye alishangaa jinsi ilivyo rahisi kutogeuka.

Walilala kibanda cha Mandara. Kesho yake msitu uliisha, ukafuata uwanda wa vichaka vifupi, na maua yakawa mengine kabisa: mekundu yaliyosimama wima kama mienge, na meupe makavu yanayochakarika kidoleni, ambayo mzee alisema hayanyauki, na ambayo ni marufuku kuchuma. Paskalia aliimba njia nzima. Apolonia alikuwa anasikiliza kitu kingine: pumzi ya Bujiku, fupi fupi, pumzi ya mtu mwenye hofu. Njia ilikuwa tambarare pale. Mtu aliyezoea pori la Segese anaogopa nini?

Kwenye kibanda cha Horombo walipumzika siku nzima. Asubuhi Apolonia alimkuta Bujiku amekaa peke yake nje ya kibanda, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, mawingu yako chini yao. Alikusudia kupita. Miguu ikakataa.

"Bujiku, unaona aibu kutembea na mimi?"

Chai ilimwagika. "Aibu? Mimi? Nani amekuambia?"

"Mgongo wako. Shinyanga ya zamani uliniacha shambani kama mzigo."

"Nilikuacha?" Alimkodolea macho kama mtu aliyesingiziwa wizi. "Apo, nilikuwa nakusafishia njia! Kwetu Kharumwa mwanamume anatangulia. Umande upate miguu yake, na nyoka akiwepo amkute yeye. Ningekutangulizaje wewe?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Kwetu haisemwi. Kila mtu anajua." Akaweka kikombe chini. "Nilikuwa na mdogo wangu, Limi. Tulikuwa tunakwenda kisimani. Mimi nikabaki nyuma nachuma matunda ya furu, nikamwambia tangulia, nakuja. Nyoka, kifutu, alikuwa amelala njiani, akamuuma. Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, akanifia njiani. Siku mbili hizi nakuona wewe uko mbele, kila ukikanyaga mimi nakufa."

Apolonia alikaa chini kwenye jiwe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Jumamosi zote zile alimchomolea waya mtu aliyekuwa anamkinga.

Mzee Ndesario alipita na kuni. "Mzee, shikamoo," Apolonia alisema. "Huku kuna nyoka?"

"Marahaba, mwanangu. Na baridi hii? Mimi hapa juu sijapata kumwona."

"Umesikia?" Akamwinua Bujiku kwa mkono wa lile koti fupi. "Basi leo tembea na mimi. Ubavuni."

Wakatembea taratibu kwenye bonde la miti minene yenye vichwa vya kabeji, wala hawakuwa na mahali pa kuwahi. Bujiku alikuwa hajui kutembea na mtu ubavuni. Kila mara walipigana viwiko, na Apolonia akacheka mpaka kifua kikambana.

"Nimepewa uhamisho," alimwambia. "Tabora. Jumatatu nikirudi natakiwa kujibu."

Bujiku alisimama. "Ungeniambia lini?"

"Ningemwambia nani? Mgongo?"

"Usiende, Apo. Nataka nikuoe. Twende kwanza kwa mama."

"Nitakujibu nikishaiona njia ya kwenu."

Jumamosi, kabla ya ile Jumatatu ya jibu, walishuka basi Kharumwa. Njia ya kwao ilikata kwenye nyasi za masika, zimepita kiuno, zimelaliana pande zote. Bujiku alilishika lile neno la mlimani, kutembea ubavuni. Alijibana ubavuni kwa Apolonia, mguu mmoja njiani na mmoja kwenye miiba, bugaluu yake inararuka, na macho yake yanachungulia kila jani kwa woga. Alikuwa ameamua kuteseka hivyo mpaka nyumbani.

Apolonia alimwacha aende kidogo, kisha akasimama. Akavua raizoni, akazishika mkononi.

"Bujiku."

"Naam?"

"Tangulia."

Alimtazama usoni, akitafuta kama ametaniwa. "Hutachukia?"

"Tangulia, mume wangu," Apolonia alisema, akalishika shati lake kwa nyuma. "Ila twende polepole."