Dada Aliyenitoa Kwenye Ngazi

"Mwondoe huyo! Hafai tena!"

Jamani... sauti ile ilikuwa ya dada yangu. Tumbo moja, ziwa moja!

Nilikuwa nyuma ya toroli la mashuka, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli tuliyofanya kazi pamoja miaka tisa. Dada alikuwa anaongea na meneja. Anayesemwa ni mimi.

Nikajibana nyuma ya toroli, nisionekane.

Ngoja niwaeleze tulikotoka.

Korona ilitupata siku moja, tukalazwa vitanda viwili vya jirani. Tukapona. Watu wakasema, "Shukuruni Mungu, yameisha."

Yangu hayakuisha, ndugu zangu.

Nikipanda ngazi kwenda kuanika juu, moyo unadunda kama unataka kutoka. Nikikunja mashuka sita, nakaa chini. Siku moja niliisahau pasi juu ya foronya mpaka ikafuka moshi!

Wenzangu wakanibandika jina: Bi Pumzi. Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Dada yeye alikuwa ngangari. Anabeba marobota mawili ya mashuka huku anaimba.

Basi siku ile nikajitokeza.

"Dada, nimekukosea nini?"

Hakunitazama usoni.

"Kuanzia kesho utakuwa chumba cha kushonea. Utakaa kwenye kiti."

"Umenichongea kwa bosi!"

"Niite utakavyo. Ngazi hizi hupandi tena."

Nilimnunia wiki tano nzima. Tunaishi nyumba moja, lakini nampita kama mpita njia. Nashona vifungo vya watu huku roho inanichemka. Mshahara wa cherehani mdogo, na heshima imekwenda!

Jumanne asubuhi nikasikia kishindo.

Nikatoka mbio, mbio zangu za kuhema...

Dada alikuwa chini ya ngazi. Mashuka yametapakaa kote. Midomo yake imekuwa ya bluu.

"Dada! Dada, amka!"

Hospitali, daktari alitoka haraka mno. Mtu akitoka haraka vile, hana habari njema.

"Pole sana, dada yako ametutoka. Moyo ulikuwa umechoka tangu ile korona. Miezi miwili iliyopita nilimkataza kazi nzito."

"Daktari, umechanganya mafaili. Mgonjwa ni mimi!"

Akatikisa kichwa.

"Aliniambia ana mdogo wake mwenye dalili hizo hizo."

Meneja alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi. Akasema polepole:

"Kiti cha kushonea kilikuwa kimoja. Nilitaka kumpa yeye, alinionyesha barua ya daktari. Akakataa. Akasema nikupe wewe, na zamu yako ya ngazi ataibeba yeye. Nilimkatalia mara mbili... ndipo siku ile akanipandishia sauti."

Nikakaa sakafuni. Sikulia. Machozi yalikuja siku ya tatu, nikiwa naosha kikombe.

Wasomaji wangu, kupona korona hakumaanishi mwili wote umepona. Kama pumzi, moyo au kumbukumbu havijarudi, sema, nenda kapimwe, na ukiambiwa pumzika, pumzika. Usione haya.

Na yule wa nyumbani anayebeba kila kitu huku anaimba, mshike mkono umuulize.

Mwaka mzima dada alinisikiliza nikilalamika jinsi ninavyoumwa.

Mimi sikumuuliza hata mara moja, "Na wewe, je?"