Mikwaruzo Mitatu ya Placida

Nokia ilitetema mara moja.

"Sahani zioshwe. Mgeni anataka namba ya mlango."

Faustine akafuta meseji ya mkuu wake. Maana yake: ng'arisha silaha, na usitoke karakana ya Edmonton bila namba ya kontena. Rivolva arobaini zilizotumika zilikuwa zinaondoka London jioni hiyo, zimefichwa kwenye mitumba, kwenda mashariki ya Kongo. Mwenye mzigo, Fortunat, hakumtajia mtu namba.

"Fundi, imebakia moja." Fortunat akaibwaga mezani. "Hii iko na vidonda. Futa yote, papa."

Smith & Wesson .357. Stenlesi.

Faustine akaigeuza.

Kwenye chuma, juu kidogo ya mpini, mikwaruzo mitatu ya msumari. Placida aliichora mwenyewe, mmoja kwa kila kazi waliyorudi wote wawili wazima. Placida, mpelelezi mwenzake wa miaka sita. Wiki tatu hajaonekana.

"Ilikuwa ya nani?"

"Mwanamuke moja, kule Thamesmead. Mupelelezi." Fortunat alikuwa anamenya chungwa. "Nikamuuliza neno ya mwisho. Akasema niko na kichwa kama mutungi wa gesi. Mutu anakufa, anatukana!"

Ndiye. Hakuna mwingine.

"Unangojea nini? Ulimujua?"

"Nacheki chuma kilivyo."

Akimuua sasa hivi, kontena linaondoka. Faustine akachukua msasa, namba mia nne. Upande mmoja tu, usirudi nyuma, ukirudi chuma kinaota mawimbi.

Mkwaruzo wa kwanza, Mombasa. Ukaisha.

Wa pili, Kigoma. Ukaisha.

Wa tatu ulikataa. Placida aliukandamiza kweli siku ile, huku anacheka, damu inamtoka puani. Faustine akasugua mpaka bega likauma.

Msasa laini. Kisha dawa ya kung'arishia na kitambaa.

Ikawa kioo. Akaona macho yake mle, akaangalia pembeni.

Fortunat akavua kofia. Hakuna mzigo uliowahi kuondoka bila yeye kuuombea, na Mungu lazima ajue ni upi.

"Baba, funika kontena yako saba moja nne tisa, pale Tilbury..."

"Amina," Faustine akasema, kwenye kifungo cha shati chenye kinasa sauti.

Mlango ukang'oka. Polisi wanne, bunduki za MP5. Fortunat chini, mdomo kwenye maganda ya chungwa.

Mumbi, mkuu wa operesheni, akaingia wa mwisho.

"Kontena inazuiwa Tilbury sasa hivi. Kazi poa." Akaiona rivolva. "Ni yake?"

"Ni yake."

"Na zile alama zake?"

"Nimezifuta."

Mumbi akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. "Maabara watasoma alama za ndani ya mtutu. Kesi iko sawa."

"Kesi, ndiyo."

"Pole, Faustine. Enda uoshe mikono basi, imejaa weusi wa chuma."

Faustine akaviangalia vidole vyake; mikwaruzo yote mitatu ilikuwa pale.

"Leo sinawi."

Akavaa koti, akavuka barabara taratibu, akapanda basi la 149. Akakaa juu, siti ya mbele, viganja vimeangalia juu mapajani, asiguse kitu.